Moyo wa Mtoto Umetanuka: Je, Mshipa wa Koronari wa Kushoto Umeonekana Unakoanzia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi minne. Alizaliwa na kilo 3.2 na mwezi wa kwanza alinyonya vizuri, kisha akaanza kutoka jasho jingi kila anaponyonya, akawa anaachia ziwa ghafla, analia kwa uchungu na kupauka. Tuliambiwa ni mchango, baadaye nimonia, na mwishowe hospitali ya mkoa walimpima eko, yaani ultrasaundi ya moyo, wakasema misuli ya moyo ni dhaifu na moyo umetanuka. Hospitali ya rufaa wamerudia eko, wakampiga picha ya CT, na sasa wanasema mshipa mmoja unaolisha moyo umeota mahali pasipo pake, hivyo afanyiwe upasuaji haraka. Ana kilo 4.8 tu, na ndugu wanashauri tusubiri anenepe kwanza. Ilikuwaje eko ya kwanza isione? CT ilikuwa ya lazima, pamoja na mionzi yake? Moyo uliokwisha kudhoofika utarudi? Na nikipata mtoto mwingine, naye atakuwa hivi?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kuuguza. Naomba nianze na lile ambalo halifai kungoja: ikiwa madaktari wamethibitisha kwamba mshipa wa koronari wa kushoto wa mtoto wako unatoka kwenye mshipa mkuu wa mapafu badala ya kutoka kwenye aota, mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini, basi ushauri wa kusubiri anenepe haumfai. Hatanenepa, kwa sababu kinachomzuia kunenepa ndicho hicho kinachotakiwa kurekebishwa, na kila wiki inayopita misuli ya moyo inaendelea kukosa damu. Ndugu wametoa ushauri wenye busara kwa kasoro nyingine kadhaa za moyo, mathalani baadhi ya matundu, ambako kungoja kilo ziongezeke hupunguza hatari ya upasuaji. Kasoro hii haimo katika kundi hilo.

Madaktari huiita kwa kifupi ALCAPA. Zamani iliitwa ugonjwa wa Bland, White na Garland, kwa majina ya madaktari watatu wa Boston, Marekani, walioieleza mwaka 1933. Ni nadra mno: hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 300,000 hivi wanaozaliwa, kwa hiyo daktari wa watoto anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana nayo, au akakutana nayo ikapita mbele yake ikiwa imevaa jina la ugonjwa mwingine. Jina hilo la kuazima mara nyingi ndilo mliloambiwa ninyi, yaani udhaifu wa misuli ya moyo na kutanuka kwake.

Ili majibu ya maswali yako yaeleweke, inafaa kwanza kuona kilichotokea ndani ya kifua cha mwanao tangu azaliwe. Moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, iitwayo mishipa ya koronari, na kwa kawaida wa kulia na wa kushoto yote huchipuka kwenye shina la aota, mshipa mkubwa unaopeleka mwilini damu yenye oksijeni nyingi na presha ya juu. Kwa mwanao wa kushoto umechipukia kwenye mshipa wa mapafu. Alipokuwa tumboni mwako hilo halikumdhuru, kwa kuwa mapafu ya mtoto aliye tumboni hayajaanza kazi, presha katika mshipa wa mapafu inakaribiana na ya aota, na damu ya pande zote mbili haipishani sana kwa oksijeni. Ndiyo maana ultrasaundi za mimba hazikuonyesha chochote, na ndiyo maana alinyonya vizuri mwezi wa kwanza. Baada ya kuzaliwa mapafu hufunguka, na katika wiki sita hadi nane za mwanzo presha ya mshipa wa mapafu hushuka mpaka ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya aota. Hapo mshipa wa koronari wa kushoto unabaki umeunganishwa na mahali penye presha ndogo na damu isiyo na oksijeni ya kutosha.

Kisha hutokea jambo baya zaidi. Mshipa wa kulia, ambao uko mahali pake, hujaribu kusaidia kwa kuotesha njia ndogo ndogo za kuvusha damu kwenda upande wa kushoto. Lakini damu hiyo, kama maji ya mfereji yanavyofuata bonde, haiingii kwenye misuli yenye kiu. Hurudi nyuma ndani ya mshipa wa kushoto na kumwagikia kwenye mshipa wa mapafu, kwa kuwa huko presha iko chini. Chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwili mzima, hukosa chakula, hutanuka na kulegea. Misuli midogo inayoshikilia vali ya mitra, mlango wa damu kati ya chemba mbili za kushoto, nayo hudhurika, hivyo vali inaanza kuvujisha damu kurudi nyuma. Kwa mtoto wa umri huo kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote za siku yake, na jasho, kupauka na kile kilio cha ghafla katikati ya kunyonya ni dalili za moyo unaokosa damu wakati unapoihitaji zaidi. Mtu mzima angeshika kifua na kusema kinauma. Kichanga hulia, na sisi tunasema ni mchango. Nashukuru kwamba hakuna aliyewashawishi mumpeleke akakatwe kilimi, kwa maana nimeona watoto wenye kikohozi cha moyo wakipotezewa damu na siku kwa njia hiyo.

Sasa nije kwenye eko ya kwanza. Kwanza niseme kwa haki kwamba haikuwa ya uongo: moyo kweli umetanuka na kweli unasukuma kwa udhaifu. Kilichokosekana ni sababu. Mishipa ya koronari ya mtoto wa kilo nne na ushei ina upana wa milimita moja au mbili, moyo wake unapiga zaidi ya mara 130 kwa dakika, na mtoto analia. Isitoshe, kuna mtego unaojulikana: mwanya mwembamba wa utando wa moyo, unaopita nyuma ya aota na mshipa wa mapafu, katika picha ya kijivu huweza kufanana kabisa na mshipa wa koronari unaoingia kwenye aota, na mpimaji akaandika kwa dhamiri safi kwamba mishipa yote iko mahali pake. Kwa sababu hiyo picha ya kijivu peke yake haitoshi. Inatakiwa Dopla ya rangi, yaani eko inayoonyesha kwa rangi damu inakoelekea, tena kipimo cha kasi kikiwa kimeshushwa ili damu iendayo polepole ionekane, na swali linaloulizwa si kama mshipa upo bali damu ndani yake inaelekea wapi. Katika mshipa wa koronari wa kawaida damu hutoka kwenye aota kwenda kwenye misuli. Katika ALCAPA iliyokomaa huonekana ikirudi kinyume, na kijito kidogo cha rangi kikiingia ndani ya mshipa wa mapafu mahali ambapo hapatarajiwi kuwa na kitu.

Zipo ishara nyingine ambazo mpimaji makini huzishika hata kabla ya kuuona mshipa wenyewe. Koronari ya kulia huwa nene kupita umri wa mtoto, kwa kuwa inafanya kazi ya mbili. Misuli inayoshikilia vali ya mitra hung'aa nyeupe, dalili ya kovu. Rangi huonekana zikitambaa ndani ya ukuta unaotenganisha chemba mbili za chini, ambako ndiko njia zile za msaada zinakopita. Na kabla ya yote hayo kuna ECG, kipimo cha umeme wa moyo cha bei nafuu kinachopatikana hata pasipo na mtaalamu wa moyo: mawimbi ya Q yenye kina katika mistari ya I, aVL na V4 hadi V6, ile inayotazama upande wa kushoto wa moyo, kwa kichanga mwenye moyo uliotanuka, yanapaswa kumfanya msomaji aweke kalamu chini na kuuliza habari za koronari ya kushoto. Kwa maoni yangu, na nimeyasema mara nyingi mbele ya madaktari wenzangu, maneno "udhaifu wa misuli ya moyo" hayastahili kuandikwa kwenye faili la mtoto wa chini ya mwaka mmoja mpaka mtu ameandika pia, kwa mkono wake, kwamba ameona koronari ya kushoto ikitoka kwenye aota na damu ikienda mbele. Sababu nyingine nyingi za moyo kutanuka hutibiwa kwa dawa na subira. Hii hutibiwa kwa kisu, na bila kisu watoto walio wengi mno, takriban asilimia 90, hawaumalizi mwaka wa kwanza.

Kuhusu CT, hofu yako ya mionzi ni ya haki, lakini hapa faida inaizidi kwa mbali. Dawa ya kung'arisha mishipa, yenye madini joto (ayodini), huingizwa kwenye mshipa wa mkononi au mguuni, na mashine hupiga picha kwa sekunde chache huku ikifuatisha mapigo ya moyo. Mashine za kisasa zikipangwa kwa kiwango cha watoto hutoa mionzi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Je, ilikuwa ya lazima? Mahali penye mpimaji mzoefu wa eko, picha ikiwa wazi kabisa, madaktari wa upasuaji wengi huingia chumba cha upasuaji bila CT. Penye shaka yoyote, CT huondoa ubishi, na pia humwonyesha daktari wa upasuaji kitu anachokihitaji sana: mshipa unachipuka upande gani wa shina la mapafu, na kutoka hapo hadi kwenye aota ni umbali gani. Kama ningekuwa mimi ninayempeleka mtoto mezani, ningeitaka.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, haina mionzi na huonyesha vizuri sehemu za misuli zilizogeuka kovu, lakini huchukua muda mrefu na kwa mtoto wa umri huu mara nyingi hudai nusukaputi, na nusukaputi kwa moyo unaokosa damu si jambo la kuchezea, kwani presha ikishuka kidogo tu moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo huachwa kwa ajili ya miaka ya baadaye. Kipimo cha kupitisha katheta, mrija mwembamba, kutoka kwenye paja hadi moyoni, ambacho zamani ndicho kilichoamua kesi hizi, siku hizi hubaki kwa wachache ambao picha nyingine zimeshindwa kuwaeleza.

Upasuaji wenyewe una historia ambayo ni vizuri uijue, kwa kuwa unaweza kusikia majina tofauti. Mwanzoni madaktari waliufunga tu mshipa pale unapochipuka. Mwaka 1960 madaktari Sabiston, Neill na Taussig, wa Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba damu kweli ilikuwa ikirudi nyuma kuelekea mapafuni, hivyo kuufunga kulizuia wizi huo. Lakini mtoto alibaki na koronari moja tu ya kulisha moyo mzima, na wengi waliendelea kuwa hatarini kufa ghafla. Njia hiyo imeachwa. Tangu miaka ya 1970 lengo limekuwa kumpa mtoto koronari mbili zinazolishwa na aota. Mwaka 1979 daktari Takeuchi wa Japani alieleza njia ya kujenga handaki ndani ya mshipa wa mapafu linalopeleka damu ya aota hadi kwenye tundu la koronari iliyopotea. Handaki hilo lilisaidia watoto wengi, ila baadaye huweza kuvuja, kuziba, au kuubana mshipa wa mapafu wenyewe. Leo, inapowezekana, na mara nyingi huwezekana, huchaguliwa njia ya moja kwa moja: mshipa hukatwa pamoja na kipande kidogo cha ukuta wa mshipa wa mapafu kinachouzunguka, kama kitufe, kisha huhamishwa na kushonwa kwenye aota. Pengo lililoachwa kwenye mshipa wa mapafu huzibwa kwa kiraka, mara nyingi cha utando wa moyo wa mtoto mwenyewe.

Haya hufanyika moyo ukiwa umesimamishwa na mashine ya moyo na mapafu ikiusukumia mwili damu. Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wazazi hawaambiwi, nami naona linafaa kutajwa kwa kuwa linaeleza kwa nini upasuaji huu unataka timu iliyozoea. Dawa ya baridi inayosimamisha na kuulinda moyo kwa kawaida humiminwa kwenye aota ili iingie koronari zote mbili. Kwa mwanao ikimiminwa hapo tu itaingia ya kulia, itavuka zile njia ndogo na kumwagikia kwenye mshipa wa mapafu, na upande wa kushoto, ambao ndio mgonjwa, utabaki bila ulinzi. Kwa hiyo daktari huibana mishipa ya mapafu mara tu mashine inapoanza, na dawa huingizwa pande zote mbili. Ni hatua fupi, na matokeo ya siku zinazofuata huitegemea.

Usishangae ukiambiwa kwamba vali ya mitra haitaguswa ingawa inavuja. Kwa watoto wengi uvujaji hupungua wenyewe baada ya misuli kupata damu, na kuishona vali siku hiyo hiyo kunaongeza muda wa moyo kusimama. Palipo na uvujaji mkubwa sana madaktari hawakubaliani, na mimi niko upande wa wale wanaosubiri.

Siku za kwanza baada ya upasuaji ndizo ngumu kuliko zote. Moyo uliokuwa dhaifu hauamki na nguvu asubuhi yake. Mtoto anaweza kukaa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa, akiwa na dawa za kuusaidia moyo kusukuma, na pengine kifua kikaachwa wazi chini ya kifuniko mpaka uvimbe upungue. Wachache huhitaji kuunganishwa kwa muda na mashine inayobeba kazi ya moyo na mapafu, ambayo haipatikani kila kituo. Uliza waziwazi: moyo ukikataa kuchukua kazi mwisho wa upasuaji, mpango ni upi? Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Kwa Tanzania, upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiambiwa mtoto atasubiri kambi ya madaktari wageni, omba tarehe, na ikiwa ni mbali uliza juu ya rufaa kwingine. Suala la gharama lipeleke kwa maofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali leo, usingoje siku ya kulazwa.

Mnapongoja, mnyonyeshe kidogo kidogo na mara nyingi. Akichoka, kamua maziwa, naye apewe kwa kikombe au kwa mpira wa puani kama watakavyoelekeza. Dawa ya kupunguza maji mwilini asiikose hata dozi moja, na asipewe dawa yoyote ya kienyeji. Akipauka na kuwa wa baridi, akapumua kwa kasi kuliko kawaida yake, akakataa kunyonya mara mbili mfululizo, au nepi ikakaa kavu kwa saa nyingi, msisubiri kuche.

Uliuliza kama moyo utarudi. Hapa nina habari njema kuliko unavyotarajia. Sehemu kubwa ya misuli ya moyo wa mwanao haijafa. Imepunguza kazi ili iweze kuishi kwa damu kidogo inayoipata, na ikipewa damu huamka. Watoto wanaoingia chumba cha upasuaji moyo ukisukuma nje asilimia 20 au 30 tu ya damu iliyomo, badala ya 55 au zaidi, wengi wao hufikia kiwango cha kawaida au karibu nacho katika miezi ya mwaka wa kwanza baada ya upasuaji. Vituo vyenye uzoefu hupoteza watoto wachache, na hatari kubwa iko kwa wale wanaofika wakiwa wamechelewa na moyo umechoka kabisa. Hata hivyo atabaki mtu wa kliniki maisha yake yote: eko na ECG kwa ratiba, kupimwa akiwa anakimbia atakapofika umri wa shule, na wakati fulani CT au MRI kuona kama mshono wa koronari umebana au kovu limeachwa wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama atacheza mpira wa mashindano. Kucheza na wenzake mtaani kwa kawaida hakukatazwi.

Kuhusu mtoto mwingine: hakuna ulichokula, ulichobeba wala ulichokosa kufanya kilichosababisha hili, na kasoro hii kwa kawaida hairithiwi. Nafasi ya kumpata mwingine mwenye ALCAPA ni ndogo sana. Ukishika mimba, eko ya moyo wa mtoto aliye tumboni katika wiki ya 18 hadi 22 inafaa kwa ajili ya kasoro nyingine za moyo, ila kwa hii usiitegemee, kwa sababu kama nilivyoeleza, wakati huo karibu kila kitu huonekana sawa. Bora zaidi ni kumpima eko akiwa na wiki sita hadi nane, presha ya mapafu ikiwa imeshuka, na kumwambia mpimaji kabla hajaanza kwamba kaka yake alikuwa na koronari iliyotoka kwenye mshipa wa mapafu, ili aitafute akijua anatafuta nini.